Mkeka wa Washenga

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, wakati Ujiji nzima inakimbizana kuozesha kabla Ramadhani haijaingia, nilipata ujumbe kutoka Durban, Afrika Kusini. Aliyeniandikia ni kijana wa kwetu, nilisoma naye shule ya msingi, tukaiba naye maembe, tukachapwa naye kwa kwenda ziwani bila ruhusa. Jina lake silitaji, na sababu utaziona mbele.

“Dada,” alisema, “nataka kufunga ndoa. Niandikie harusi ya kwetu inaendaje, tangu posa hadi fungate. Nani anakaa wapi, nani anaanza kusema, kinatolewa nini. Huku sina mzee wa kumwuliza.” Halafu chini kabisa, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa mlangoni: “Mwenzangu ni Mzulu. Ni mwanaume.”

Sikumjibu kwa siku tisa.

Nikisema sikushtuka nitakuwa mwongo. Nimelelewa kwa adhana na maulidi, na neno la kwanza lililonijia kichwani si la kuandika kwenye jarida. Lakini kadiri siku zilivyopita nikaona kinachonikera ni kitu kingine. Swali lake la kwanza sikuwa na jibu lake. Harusi ya kwetu inaendaje? Nimehudhuria harusi zisizo na hesabu, nimekata mauno mpaka kanga ikaloa, na sijui hata kimoja kimetoka wapi. Mtu anayejiita mwandishi! Basi nikabeba daftari nikaenda kwa Bibi.

Bibi yangu ni Mmanyema wa Ujiji, miaka themanini na ushee, macho hayaoni vizuri lakini ulimi mzima. Sikumwambia swali ni la nani.

“Harusi yetu?” akacheka. “Mjukuu wangu, harusi yetu ni kapu la sokoni. Kila aliyepita katia chake.”

Na kweli, tukitoa vitu ndani ya kapu kimoja kimoja, hakuna kinachobaki cha kusema hiki kimeota hapa. Posa ya kukaa mkekani, washenga upande huu na wenye binti upande ule, na barua ikifunguliwa kwa fedha, hiyo ni ya pwani, ilipanda na misafara kutoka Bagamoyo. Kisutu cha bibi harusi ni kanga, na kanga yenyewe ilianza kwenye miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, wanawake walipounganisha leso zilizotoka kwa wageni. Kabla ya hapo bibi harusi alifungwa merikani, kitambaa ambacho jina lake tu linakwambia kilivuka bahari gani. Mahari nayo ina historia ya kuchekesha. Waha wa milimani walihesabu majembe, mbuzi na ng'ombe. Watu wa Ujiji mjini, soko lao lilikuwa linakwenda kwa shanga. Cameron alipofika hapa mwaka 1874 aliwakuta watu wananunua samaki kwa shanga zinazoitwa sofi, zinazofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Zilitengenezwa mbali huko, zikawa fedha yetu. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, mpaka leo hawasemi mahari, wanasema “kutoa mali”. Zikri ya Kadiria inayotikisa nyumba usiku wa harusi, hiyo nayo ilikuja na watu wa pwani. Sahani ya ugali wa muhogo, migebuka na mawese ndiyo pekee nilitaka kuitetea kuwa ni yetu, mpaka nikakumbuka kwamba muhogo asili yake ni Marekani ya Kusini.

Lakini kapu hili si la furaha tupu, vijana wenzangu, na hapa ndipo historia tuliyofundishwa inaponyamaza. Watalii wakifika Ujiji huoneshwa mnara wa Livingstone na kusimuliwa jinsi Stanley alivyomkuta Novemba 1871. Mara chache huambiwa yule mzee alikuwa anatoka wapi. Alikuwa anatoka Nyangwe, nchi ya Umanyema, ambako tarehe 15 Julai mwaka huohuo aliona watu wa wafanyabiashara wakifyatulia risasi wanawake sokoni, mamia wakafa, wengi kwa kuzama mtoni. Njia aliyorudia ndiyo njia waliyoletwa Wamanyema wengi waliofika Ujiji. Wengine walikuja kama wapagazi na wafanyabiashara kwa hiari yao. Wengine walikuja wamefungwa shingo.

Sasa mtumwa anaoaje? Swali hili sikuwahi kujiuliza. Kwa sheria ya dini alihitaji ruhusa ya bwana wake. Kwa mila alihitaji mjomba, shangazi, baba, watu wa kukaa mkekani, na yeye hao wote waliachwa kijiji kilichochomwa. Bibi alinisimulia habari za bibi yake, aliyevushwa ziwa akiwa mtoto, hajui hata jina la kijiji chake ila alikumbuka mto. Alikuja kuolewa hapa Ujiji, Wajerumani wakiwa wameshaingia.

“Nani alipokea mahari yake?” nikauliza.

“Mwanamke aliyevuka naye.”

“Ndugu yake?”

“We mtoto! Aliyevuka naye. Waliopanda mtumbwi mmoja walihesabiana ndugu. Yeye ndiye aliyekaa mkekani akasema mimi ndiye mama wa huyu. Nani angembishia? Mama mzazi yuko wapi aje kubisha?”

Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari mara mbili. Wajerumani walitoa amri mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Waingereza ndio walioufuta utumwa wenyewe Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo kabla sheria haijawatambua kuwa watu kamili wa kuoana kwa neno lao, wazee wetu wa Ujiji walishaanza kutandikiana mikeka. Waliokosa ukoo waliutengeneza. Ndiyo maana hata leo harusi ya Ujiji ina mama wengi kuliko tumbo lililozaa.

Usiku huo nikaanza kumwandikia rafiki yangu. Ili nisidanganye kuhusu taratibu za pwani, nilikitafuta kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, Desturi za Waswahili, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya Carl Velten. Yeyote anayetaka kujua babu zetu wa pwani walivyoposa, walivyooa na walivyoachana, aanzie hapo. Nilikuwa nakisoma kama mtu anayesoma maelekezo ya kupika, hadi nikataka kujua huyu mwandishi mwenyewe alioa vipi. Laiti nisingeuliza.

Mtoro alikuwa mtu wa mrima, akaenda Berlin kufundisha Kiswahili mwaka 1900. Mwaka 1904 akaoa huko mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Ndoa halali ya serikali, na muhuri juu. Mwaka uliofuata wakapanda meli waje kuishi kwao bwana harusi. Walipofika Tanga, wazungu wa koloni wakachachamaa: Mwafrika kuishi na mke Mjerumani mbele ya macho ya “wenyeji” ni kuvunja heshima ya dola! Serikali haikuwaruhusu kukaa. Wakarudishwa Ujerumani, na Mtoro hakuiona tena nchi yake. Alifia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyetuandikia jinsi ya kuoa ndiye aliyefukuzwa kwao kwa kuoa. Wanaandishi wenzangu, mnaolalamika kwamba wahariri hawajibu barua zenu, mfikirieni huyo.

Simwingizi Mtoro katika mambo ambayo si yake. Yeye alioa mwanamke, na kesi yake ilikuwa ya rangi. Ninachosema ni kwamba alijua ladha ya kusimama ufukoni kwenu, na harusi yako ikageuzwa kuwa kosa.

Rafiki yangu anaijua ladha hiyo pande mbili. Durban yeye ni kwerekwere, mgeni asiyetakiwa. Aprili 2015, watu walipowapiga na kuwachoma wageni mjini humo, alilala kambini wiki nzima. Huku nyumbani napo sheria haina utani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kanuni ya Adhabu, iliyoletwa na Waingereza mwaka 1930 kama walivyoleta mizani na pingu, inaadhibu mapenzi ya wanaume wawili, na mwaka 1998 Bunge letu liliyaongeza makali hadi miaka 30 na kifungo cha maisha. Zanzibar mwaka 2004 iliukataza hata muungano wenyewe, kifungo miaka 7. Zunguka ziwa letu: Burundi ilitunga katazo lake la kwanza mwaka 2009, Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema ndoa ni ya jinsia mbili tofauti, na Zambia nayo bado ina kanuni iliyoachwa na Waingereza. Nchi nne zinazogombania samaki zimekubaliana hapa. Na uvumi tu wa harusi unatosha. Mtwapa, karibu na Mombasa, Februari 2010, watu walivamia kituo cha afya kwa sababu ya tetesi kwamba wanaume wawili wataoana. Pongwe, Unguja, Novemba 2018, wanaume kumi walikamatwa kwa tuhuma kama hizo, kisha wakaachiwa bila mashtaka. Basi msomaji, umeelewa kwa nini sitaji jina.

Ila Afrika Kusini sheria ni nyingine. Mahakama ya Katiba iliamua Desemba 2005, na sheria ikaanza kazi Novemba 2006: wawili wa jinsia moja wanaweza kufunga ndoa. Lakini karatasi ya serikali ni kitu kimoja na mkeka ni kitu kingine. Rafiki yangu alinitumia habari ya harusi ambayo ndiyo iliyompa ujasiri. Tarehe 6 Aprili 2013, katika mji wa KwaDukuza, kaskazini ya Durban, vijana wawili, Tshepo Modisane, Mtswana, na Thoba Sithole, Mzulu, walioana hadharani mbele ya wageni kama 200. Walichanganya mila za makabila yao mawili, na wakasema majina ya koo zao watayaunganisha. KwaDukuza si mahali pa mchezo. Ndipo alipokufa mfalme Shaka na ndipo alipozikwa. Ni kama mtu wa kwetu achague uwanja wa Bagamoyo.

Wapo waliosema wale vijana wameichezea mila. Labda. Lakini mila ipi? Wazulu wana mshenga wao, wanamwita umkhongi. Wana lobola, na ukimwuliza Mzulu ng'ombe wangapi, mara nyingi atakutajia kumi na mmoja wa mama. Idadi ile kumi ilipangwa mwaka 1869 na ofisa wa Kiingereza wa Natal, Theophilus Shepstone. Leo inaapiwa kama imeshuka na mvua. Nilicheka peke yangu niliposoma hayo. Kapu la sokoni, kule pia!

Hapo sitaki nirahisishe mambo. Rafiki yangu na mwenzake walikwama kwenye jambo ambalo Kiswahili kinalijua vizuri kuliko sheria. Kwetu mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kitenzi chenyewe kimeshagawa kazi. Sasa mahari inatoka nyumba ipi kwenda ipi? “Tumezungumza usiku mitatu,” aliniandikia. “Mimi nasema tunaoana, basi. Yeye anasema kwao hakuna ‘basi’, lazima kuna anayebisha hodi.” Nikamwambia Sheria yetu ileile ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haikutolewa, akanijibu kwa ukali kidogo kwamba hakuniomba uwakili. Nilistahili.

Nikamtajia nyumba ntobhu ya Wakurya wa Tarime. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wakawa wa nyumba yake. Wanandi wa Kenya wana ndoa ya namna hiyo, na Mahakama Kuu Mombasa iliitambua mwaka 2011 katika kesi ya mirathi. Ni kweli zile si ndoa za mapenzi, ni ndoa za mji na urithi, na ukimwambia Mkurya umezifananisha na hizi atakutimua. Ninachokiona mimi ni kwamba wazee walipotaka, kitenzi kilipinda.

Na kwa kuwa jarida hili ni letu sisi tunaojifunza kuandika, siwezi kumruka Binyavanga Wainaina. Hadithi iliyompa tuzo ya Caine mwaka 2002 ni ya safari ya kurudi nyumbani kutoka Afrika Kusini, na inaishia Uganda kwa wazazi wa mama yake, ukoo umekusanyika kusherehekea miaka ya ndoa ya wazee wale. Kwa umaarufu wa tuzo ile likazaliwa jarida la Kwani? Nairobi, na vijana wengi wa Afrika Mashariki wakapata pa kuchapishia. Januari 2014 alijitangaza hadharani kuwa anapenda wanaume, kwa maandishi aliyomwelekezea mama yake aliyekwisha kufa. Mei 2018 akatangaza kwamba ameposa, na mchumba, Mnaijeria, amekubali. Harusi itakuwa Afrika Kusini mwaka unaofuata. Mkenya mwenye mama Mganda, mchumba Mnaijeria, harusi ya kusini. Fikiria tu jikoni kungepikwa nini. Mwaka uliofuata ulipofika, tuliyosoma magazetini ilikuwa tanzia. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, ana miaka 48. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ikakataa kuifuta sheria inayowaadhibu watu kama yeye.

Nilimpelekea rafiki yangu kurasa kumi na moja. Alijibu baada ya wiki mbili na mpango wao. Watakaa mkekani. Mkeka utakuwa wa Kizulu, maana kwao pia mikeka na mablanketi hupelekwa kwa wakwe. Watavaa shuka za Kizulu, na begani kanga, moja kila mmoja, kwa sababu kanga huuzwa jozi. Mahari itatoka pande zote mbili na kupokelewa pande zote mbili. Chakula kitakuwa migebuka, na mimi ndiye wa kutuma. “Dini sitaigusa,” aliongeza. “Nikaha ni nikaha. Sitamwita shehe nikamfanya mwongo, na sitasoma fatiha kama pambo.” Sentensi hiyo niliirudia mara kadhaa. Nimewaona wengi wanaoa kihalali bila kufikiri hata nusu ya hapo.

Tatizo lilikuwa moja. Upande wa Kizulu, shangazi mmoja na wajomba wawili wamekubali kuja. Upande wetu, hakuna. Mama yake hapokei simu. Kaka yake alipokea mara moja, akamwambia asipige tena.

Nilirudi kwa Bibi. Safari hii nilimwambia ukweli wote, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwibia. Alinyamaza muda mrefu, anachambua mchele, vidole vinaona kuliko macho.

“Haramu,” akasema.

“Ndiyo, Bibi.”

“Nimesema haramu, sikusema uondoke.”

Nikakaa. Alimaliza ungo wa kwanza, akamimina, akavuta wa pili.

“Huyo mtoto,” akauliza, “huko amevuka na kina nani?”

Nilipiga simu Durban hapohapo uani. Kinyozi wa Uvira, waliolala naye kambini mwaka 2015. Kijana wa Kigoma mjini anayeuza simu, ambaye amesema atakuja lakini hatapiga picha. Mama mmoja wa Baraka, ng'ambo yetu hapa, anauza mboga karibu na kituo cha treni, amemfulia nguo alipougua na humwita mwanangu. Hao tu. Nilimsomea Bibi kama nilivyoandika.

“Kinyozi hapokei mahari,” akasema. “Apokee huyo mama wa Baraka. Na mawese usiyatie kwenye chupa, yatavunjika njiani. Tia kwenye dumu.”